Kidole Gumba cha Fundi wa Betri

Fundi wa betri hakuwa mtu wa kupendeka, na nianze na hilo kabla sijaanza kumtetea. Alikuwa mkavu, mchoyo wa maneno, mwepesi wa kufoka. Ukimwamkia "Shikamoo fundi," alikuitikia "Marahaba" huku macho yake yako miguuni pako, anaangalia kama umemwingizia mchanga. Waliofanya kazi pamoja nasi katika ghala la pamba, pale Tabora karibu na stesheni, wanamkumbuka kwa jambo moja tu, kwamba aliziua betri za kampuni. Wakikutana kwenye kahawa bado wanalirudia. "Yule aliyezinywesha betri maji ya kisima!" Halafu wanacheka.

Mimi sicheki. Betri zile niliziua mimi, na aliyefukuzwa ni yeye.

Basi, nimelisema. Sasa nipeni nafasi niwaeleze alikuwa mtu wa namna gani, maana sina njia nyingine ya kumlipa, na hata hii ni malipo ya hovyo.

Kwanza mikono yake. Ndani ya betri mna tindikali, sisi tukiita maji makali, na yeye alikuwa ameyashika miaka mingi kabla kampuni haijafikiria kuleta mipira ya kuvaa mikononi. Ncha za vidole vyake zilikuwa laini, zinang'aa, hazina hata mstari mmoja. Kikombe cha chai alikishika kwa viganja viwili kama mtoto, la sivyo kinamponyoka. Karani wetu, kijana wa mjini mwenye maneno mengi, alipenda kumtania, "Fundi, wewe ukiiba hukamatwi, vidole vyako havina mwenyewe." Fundi hakuwahi kucheka utani huo. Alikuwa hacheki utani wowote.

Halafu koti. Jua la Tabora la mwezi wa kumi mnalijua. Sisi tulivaa kaptula na singlendi, yeye anatembea na koti la sufu la askari, limefungwa vifungo mpaka shingoni, jasho linamchuruzika. Wapakiaji walisema amerogwa. Nilikaa naye mwaka mzima ndipo nikathubutu kumwuliza.

"Maji makali yanakula pamba," akaniambia. "Sufu yanaiogopa. Nguo yako hiyo, tone moja tu, jioni utaivua ina dirisha."

Ilikuwa kweli. Hata kanzu yake ya Idi ilikuwa na matundu madogo madogo kifuani, sijui yalimfikaje huko. Alikwenda nayo msikitini hivyo hivyo, kichwa juu, na mtu asimwambie kitu.

Nilikuwa dereva wa kimoja kati ya vigari vitatu vya umeme. Kampuni ilivileta kwa sababu pamba na cheche haviivi chungu kimoja. Gari la petroli linatoa cheche, na robota moja likishika moto ghala zima linakwenda. Vile vigari vilikuwa havina moshi wala kelele. Vinakuja nyuma yako kimya kimya mpaka unashtuka, ndiyo maana wapakiaji waliviita mabubu. "Bubu huyo, pisha!" Mji mzima ulikuja kuvitazama siku za kwanza. Wazee waliosimuliwa na baba zao habari za mizigo ya kichwani, Tabora mpaka pwani, walisimama mlangoni wakaangalia marobota yanatembea yenyewe, wakaondoka.

Ghala letu lilikuwa kando ya njia ile ile ya zamani ya misafara, na fundi alipenda kuitaja, pengine ndicho kitu pekee alichopenda kukisema zaidi ya mara moja. Kila kigari kilikuwa na seti tatu za betri. "Moja inabeba, moja inakula, moja imelala," alisema, na ole wako uzichanganye. Iliyorudi kazini aliitia kwenye chaji pole pole. Iliyomaliza chaji haikuruhusiwa kurudi kazini papo hapo. Aliiweka kando, akaifunika gunia bichi, ipoe. "Mpagazi umbebeshe, umlishe, umlaze. Ukimnyima kimoja, kesho mzigo utaubeba mwenyewe. Waliopita njia hii walilijua hilo, nyinyi mnaona uchawi."

Alikuwa na bomba la kioo lenye mpira kichwani, na ndani yake kidude kinaelea. Analivutia maji ya betri, analiinua kwenye mwanga, anaangalia kile kidude kimesimama wapi, na hapo anajua betri imeshiba au ina njaa. Lakini kabla ya kupima alikuwa amekwisha jua. Aliinamisha sikio akasikiliza mchemko, akagusa ubavu wa betri kwa mgongo wa kiganja. "Inatosha, itoeni." Nikimwambia bado kidogo, bwana anataka ijae pomoni, ananitazama kama nimetukana. "Betri haiuawi na kazi, dereva. Inauawa na pupa."

Meneja wetu, Mzungu, hakupenda lugha hiyo. Msimu wa pamba ukifika mabehewa yanangoja, na yeye alitaka seti zote tatu ziende kazini, chaji ipandishwe, kulala kufutwe. Fundi alimjibu "Haiwezekani, bwana," na akageuka kuendelea na kazi yake. Mbele yetu! Siku nyingine meneja aliingia chumba cha chaji na kiko mdomoni, kinafuka. Hewa inayotoka kwenye betri ikila chaji inalipuka, kila mmoja wetu alionywa hilo siku ya kwanza. Fundi hakupiga kelele. Alikwenda, akakichomoa kiko kwenye mdomo wa Mzungu kwa vile vidole vyake, akakizika kwenye ndoo ya mchanga. Meneja akawa mwekundu. Kisha akacheka, akamwita mzee hodari. Sisi tukashusha pumzi. Lakini nilimwona alivyokiokota kile kiko na kukipangusa, na nikajua jambo hili halijaisha.

Huruma yote aliyokuwa nayo ilikwisha kwenye betri. Mpakiaji mmoja alipovunjika kidole, fundi alimwuliza kwanza kama robota limegonga kigari. Mkewe, mama mcheshi kutoka Lusu, alikutana na mke wangu harusini akamwambia, "Laiti ningezaliwa betri, mwenzangu. Ningefunikwa gunia bichi, ningeulizwa nimeshiba." Walicheka mpaka wakatoka machozi. Mke wangu aliponisimulia nami nilicheka, wakati huo bado nacheka.

Sasa maji. Betri inakunywa maji, na haitaki maji yoyote. Ya kisima yana chumvi na magadi, yanaiua kidogo kidogo kwa ndani. Maji ya kununua ya betri yalitoka Dar es Salaam kwa treni, mara yanakuja, mara hayaji, kwa hiyo fundi alikinga ya mvua. Hakukinga mvua ya kwanza. Hiyo aliiacha ioshe hewa. Alitandika turubai safi uwanjani, maji yakaenda kwenye madumu makubwa ya kioo yaliyosukiwa kikapu. Kila dumu alilipima: tone moja juu ya kipande cha kioo, analikausha kwenye jiko la nje. Likiacha doa jeupe, maji yote anayamwaga. Lisipoacha kitu, analiziba dumu kwa kizibo, anamwagia nta ya nyuki juu yake, nta ya kwetu hii hii, na ikiwa bado ya moto anaibonyeza kwa kidole gumba. Huo ndio muhuri wake. Dumu likishapigwa muhuri halipimwi tena, na halifunguliwi na mkono mwingine.

Na alikuwa mchoyo wa maji hayo, msiniulize. Mke wa meneja alituma boi wake na ndoo, anataka maji ya mvua ya kuoshea nywele. Boi alirudi na ndoo tupu. Mtu mwenyewe ni huyo huyo ambaye mlangoni kwake mjini aliweka mtungi na kata, mpita njia yeyote anywe, kama wafanyavyo watu wa mji wanaotafuta thawabu. Nilipata kunywa pale. Maji baridi, matamu. Nyumbani anamnywesha asiyemjua, kazini anakunyima tone. Mwenye kuweza kuyaelewa hayo anieleweshe.

Mwaka ule mvua zilichelewa. Mwezi wa kumi na moja ukaisha bila wingu. Kule Ipuli tulikokaa kisima chetu kilibaki matope, tukawa tunachota cha mbali chenye ladha ya magadi, ukichemsha ndiyo kwanza yanazidi uchungu. Binti yetu Nyamizi alikuwa na miezi saba. Akaanza kuhara. Siku ya tatu macho yakamwingia ndani, analia bila machozi. Dresa wa zahanati alimfinya ngozi ya tumbo, akaiona inavyobaki imesimama, akatuambia, "Maji haya msimpe tena. Mtafutieni maji safi, na mfanye haraka." Akasema hivyo na kuita mtu mwingine, kama vile maji safi yanauzwa pale mlangoni.

Mke wangu akanitazama. "Huko kazini kwenu si kuna maji ya mvua?"

"Ni ya betri," nikasema.

Mpaka leo nasikia nilivyolitamka neno hilo, mbele ya mtoto aliyelala mapajani mwa mama yake kama kitambaa.

Yalibaki madumu mawili. Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Ningeweza kumwendea fundi asubuhi nikamwambia, mzee wangu, mtoto anakufa. Maneno hayo tu. Nilifika mpaka mlango wa chumba cha chaji. Alikuwa amepiga magoti, anapangusa vichwa vya betri kwa kitambaa, na bila kuinua uso akasema, "Miguu yako." Nikaangalia viatu vyangu, vina mchanga. Nikageuka. Nikajiambia, kama mke wa meneja alinyimwa, mimi nani? Nikajiambia tena kwamba ana roho ya chuma, kwamba atanidhalilisha bure mbele ya wapakiaji. Mtu akitaka kuiba hakosi wakili moyoni mwake.

Adhuhuri alipokwenda msikitini niliingiza kigari changu ndani, kama kawaida, nikatoka na dumu moja chini ya magunia. Nyuma ya ghala kulikuwa na mabati yaliyolala juani, yamewaka kama kikaango. Nikaulaza mdomo wa dumu pale mpaka nta ikalegea, nikachomoa kizibo. Maji nikayahamishia kwenye debe nililolisugua kwa majivu. Dumu nikalijaza maji ya kisima cha ghala. Nikarudisha kizibo, nikailainisha ile nta, nikaibonyeza kwa kidole gumba, kama nilivyomwona akifanya mara mia. Nikaona imekaa sawasawa. Nikajipongeza, mjinga mimi.

Nyamizi alikunywa maji yale kwa kijiko, siku nne. Siku ya tano alilia kwa machozi, na mama yake naye akalia, na mimi nikatoka nje nikakaa chini. Sijutii maji. Hilo nalisema wazi, na mwenye kunihukumu kwa hilo ajiulize kwanza kama ana mtoto. Ninayoyajutia yalikuja baadaye.

Fundi aliufungua ule muhuri wiki iliyofuata, kwenye kiza cha chumba kile, akauchomoa bila kuutazama, akautupa kwenye kopo la kuyeyushia tena, maana hakutupa nta. Akazinywesha seti zote. Siku ya kwanza hakuna kitu. Wiki ya tatu kigari changu kilisimama katikati ya ghala na robota mgongoni. Cha pili kikafuata. Betri zilikula chaji kutwa nzima na kufikia asubuhi hazina moto. Fundi alikonda. Alizipima, akazisikiliza, akazifunika, akalala sakafuni kando yake. Nilimwona akizungumza nazo, midomo inacheza. Mimi nilikuwa nimesimama pale na siri yangu, nimeshika ufunguo wa kigari kilichokufa.

Mtaalamu akaletwa kutoka Dar es Salaam. Akachota maji ndani ya betri, akayapima, akasema mna chumvi. Akaonja yaliyobaki kwenye dumu, akatema. Yule meneja wa kiko akatuita wote uwanjani.

"Wewe dereva. Fundi anatia maji gani?"

"Ya mvua, bwana."

"Mvua iko wapi?"

Karani akacheka, na wengine wakacheka. Fundi alikuwa amesimama mbele yetu na koti lake, mkono mmoja mfukoni. Alinitazama. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama anavyotazama kile kidude ndani ya bomba, anangoja kisimame.

"Umemwona akitia ya kisima?"

"Sikumwona, bwana."

"Lakini inaweza kuwa?"

Mngesemaje nyinyi? Nilikuwa na kazi, na mke, na mtoto aliyefufuka juzi. Nikasema, "Inaweza kuwa, bwana."

Maneno mawili na bwana wake. Fundi alifukuzwa siku ile ile, miaka yake yote ikafutwa, akapewa barua inayosema ni mzembe asiyefaa kukabidhiwa mitambo. Fundi asiye na barua njema wakati ule alikuwa kama mkoma. Hakuna karakana iliyomfungulia. Hata kufukuzwa kwenyewe kulimletea dhihaka. Alitakiwa kutia dole kwenye karatasi, akabonyeza mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, kila mara linatoka doa jeusi tupu. Karani akakasirika. "Bonyeza vizuri, mzee! Hili si dole, hili ni tope." Mwisho wakalikubali lile doa. Na mimi nilikuwa mlangoni nikiona, na sikuelewa ninachokiona. Ndiyo akili yangu ilivyo, inafika wakati wageni wameshaondoka.

Sikumwona tena kwa miaka. Nilisikia wamehamia kwa wakwe zake, Lusu. Nilipita njia ile mara nyingi, maana kwetu ni Puge, na kila mara nilijifanya nimelala kwenye lori. Halafu mwaka mmoja, Wazungu wakiwa bado wako lakini wameanza kufunga mizigo, lori letu likasimama Lusu kushusha magunia, na ng'ambo ya barabara nikaliona lile koti. Limechakaa, limebaki nyuzi, vifungo vimefungwa mpaka shingoni. Alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya sufuria, anachuja nta. Hiyo ndiyo kazi aliyobakiwa nayo.

Nikashuka. Miguu yenyewe ilinipeleka.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba." Akaangalia viatu vyangu. Kisha akainua uso. "Dereva. Karibu ukae."

Nikakaa. Mkewe akaniletea maji, akaniuliza habari za nyumbani, akaingia ndani. Nilikuwa nimejiandalia hotuba kwa miaka, na sasa naangalia tu nta inavyochuruzika. Fundi hakunisaidia. Alimaliza kuchuja, akafuta mikono, akaingiza vidole kwenye mfuko wa ndani wa koti, akatoa kikopo cha bati cha sigara. Akakifungua. Ndani mlikuwa na kipande cha nta, kimekuwa cheusi kwa uchafu wa miaka.

"Weka kidole chako hapa," akasema.

Nikatazama. Katikati ya ile nta kulikuwa na alama ya kidole gumba, na alama ilikuwa na mistari. Mistari mizima, mizuri, inazunguka. Nikatazama mikono yake. Ndipo nikaelewa, baada ya miaka yote hiyo, alichokuwa amekishika mfukoni siku ile uwanjani.

Sikuweka kidole. Hapakuwa na haja.

"Fundi, kwa nini hukuuonyesha muhuri huu?"

"Niliupata kwenye kopo usiku wa kuamkia siku ile. Nilikuja nao." Akakohoa. "Nilijua ni wa mwenye kuingia mle ndani bila kuulizwa. Nikasema nimngoje aseme mwenyewe. Mtu anastahili kungojwa kidogo. Ukasema inaweza kuwa."

"Ungewaonyesha hata baada ya hapo."

"Baada ya hapo nilichoka," akasema.

Lori likapiga honi. Nikamwambia habari za mtoto, nikazimwaga zote kwa fujo, kuhara, dresa, debe, kijiko. Alisikiliza akiwa ameinamisha sikio.

"Alipona?"

"Alipona, fundi. Yuko shuleni kwa masista."

Akatikisa kichwa pole pole.

"Kwa nini hukuniomba?"

"Niliogopa utaninyima."

Nilingoja aniambie, hapana, wewe, ningekupa, mtoto ni mtoto. Nilikuwa na njaa ya maneno hayo na nilikuwa tayari kuyabeba maisha yangu yote. Yeye alikitazama kile kipande cha nta, akakitazama kwa haki, kama alivyotazama kila kitu.

"Ningekunyima," akasema.

Akafunika kikopo, akakirudisha ndani ya koti, akafunga kifungo.